Mwantumu na Midomo ya Bi Harusi

Sogeeni karibu. Anayetafuna amalize kutafuna, maana hadithi hii inatia njaa.

Tanga mjini, kwenye nyumba yenye ua mpana, aliishi mtoto mmoja jina lake Mwantumu. Alikuwa na miaka sita, na vidole kumi visivyotulia.

Mwantumu alipenda kukunja karatasi. Karatasi ya peremende, alikunja. Tiketi ya basi, alikunja. Gazeti lililofungiwa karanga, alikula karanga kwanza, kisha akakunja.

Kunja, kunja, bana.
Geuza, kunja, bana.

Na hapo hapo anatokea chura. Au bata. Au tembo mwenye mkonga.

Chura wake alikuwa mdogo kama punje ya mahindi. Bata wake alikuwa mdogo kama punje ya choroko. Na tembo ilibidi uonyeshwe kwa kidole, maana peke yako usingemwona.

Mwantumu hakujua kukunja kikubwa. Vidole vyake vilikataa.

Sasa, vitu vidogo vina shida moja. Havikai.

Siku moja Mwantumu alimsimamisha twiga dirishani. Babu akapita, akamchukua yule twiga, akachokonolea meno.

"Babu," akasema Mwantumu, "huyo ni twiga."

Babu akamtoa mdomoni. Akamtazama mbele na nyuma. "Twiga mzuri," akasema. "Anafika mpaka gego la mwisho."

Siku nyingine Mwantumu alipanga ndege kumi na wawili mezani. Shangazi Pili akaja kuwatazama. Shangazi Pili ana pua inayowasha.

"Ha... ha... hachuuu."

Ndege wote wakaruka. Hawakurudi tena.

Na siku nyingine Bibi alifagia ua. Fya, fya, fya. Tembo akaenda pamoja na majani makavu.

"Bibi, umemfagia tembo."

Bibi akainama, akatafuta kwenye majani, akachoka. "Tumu mjukuu wangu," akasema. "Kidogo hivi, cha nini?"

Babu naye alikuwa ameuliza hivyo hivyo. Shangazi Pili naye aliuliza. Hata majirani waliuliza.

Kidogo hivi, cha nini?

Mwantumu hakuwa na jibu. Alirudi kukunja, lakini moyoni iliuma.

Mtu mmoja tu hakuuliza. Mama mdogo Zaituni.

Mama mdogo Zaituni ndiye aliyemfundisha kukunja. Mwantumu alikuwa na matubwitubwi wakati huo. Mashavu yake yalivimba kama maandazi mawili, na nje hakuruhusiwa kutoka.

Basi wakakaa kitandani wote wawili, wakakunja karatasi siku nne. Siku ya tano mashavu yakapoa. Vidole havikupoa.

Sasa sikilizeni, maana harusi imefika.

Mama mdogo Zaituni anaolewa. Bwana harusi anatoka Pangani. Mama yake bwana harusi anakuja, na shangazi zake, na majirani zake, na majirani wa majirani zake.

Asubuhi na mapema alifika mpambaji. Bi Kidawa.

Bi Kidawa alikuja na sanduku la rangi, brashi ishirini, na tochi. Akaingia chumbani kwa bi harusi. Akafunga dirisha, mbu asije akagusa kitu.

Mikono ya bi harusi akaichora piko. Macho akayapaka wanja. Halafu akashika brashi nyembamba kuliko zote, akavuta pumzi, akapaka midomo.

Midomo ikawa myekundu. Ikang'aa.

Bi Kidawa akarudi nyuma hatua mbili, akaimulika kwa tochi. Akaridhika. Akainua kidole kimoja.

"Kuanzia sasa," akasema, "midomo ya bi harusi haiguswi."

Mchana Mwantumu akabisha hodi. Akaingia chumbani taratibu, akakaa mkekani miguuni pa Mama mdogo.

NGURUUUU.

Mwantumu akaenda dirishani kuchungulia. Alidhani lori limepita.

"Si lori, Tumu," akasema Mama mdogo. "Ni mimi. Nina njaa."

Alisema bila kusogeza midomo. Hebu nanyi jaribuni. Semeni "nina njaa" bila kusogeza midomo. Basi ndivyo alivyosikika.

"Kwani hujala?"

Hakuwa amekula. Asubuhi hakula kwa furaha. Mchana hakula kwa sababu ya rangi.

NGURUUUU.

"Tumu," akanong'ona Mama mdogo, "jioni nitakaa ukumbini, mbele ya wanawake wote. Mama mkwe atakuja kunifunua shela. Watu wote watanyamaza."

Akameza mate.

"Na tumbo langu halitanyamaza."

Macho yake yakaanza kujaa machozi.

"Usilie," akasema Bi Kidawa haraka. "Wanja."

Mwantumu akamwonea huruma sana Mama mdogo wake. Akasimama. "Nitakuletea chakula," akasema.

Akakimbia uani. Akarudi na chapati ya moto. Akamega kipande kidogo, akakipeleka mdomoni.

Kipande kikanata kwenye mdomo wa juu. Kilipobanduka, mdomo wa juu ukaondoka nacho.

Bi Kidawa akaitazama chapati. Chapati ilikuwa imependeza sana. Bi harusi alikuwa na mdomo mmoja.

Bi Kidawa akashika tena brashi. Akafuta, akapaka upya. Nusu saa nzima.

"Midomo ya bi harusi haiguswi," akasema.

NGURUUUU, likasema tumbo.

Mwantumu akakimbia tena. Akarudi na juisi ya ukwaju na mrija.

Mama mdogo akafyonza kidogo. Fyuu. Mrija ukatoka mwekundu, na midomo ikabaki na kitundu katikati.

Bi Kidawa akafuta. Akapaka upya. Nusu saa nyingine.

"Mwanangu," akasema kwa upole, lakini upole ule wa kutisha. "Nakupenda. Toka."

Mlango ukafungwa. Kach.

Uani kulikuwa na kazi. Mama alikuwa kwenye sufuria la pilau na hasikii la mtu. Wanawake wengine walikaa mkekani, wakikunja sambusa.

Bibi ndiye aliyekuwa mkuu wa sambusa. Alishika manda, yaani ule mkate mwembamba wa kukunjia. Akaikunja pembetatu, akatia nyama kijiko kizima, akafunga kwa gundi ya unga.

Sambusa ya Bibi ilijaa kiganja. Ukila mbili, unatafuta pa kulala.

"Bibi, nami nikunje?" akauliza Mwantumu.

Manda zikishakatwa, pembeni hubaki vipande vyembamba. Bibi akavikusanya, akamsogezea. "Chukua hivi, mjukuu wangu. Kaa hapo, na karai la mafuta usilisogelee."

Mwantumu akachukua kipande kimoja. Akakigeuza. Kilikuwa laini. Kilikunjika vizuri kuliko karatasi.

Kunja, kunja, bana.

Akatia punje moja ya nyama na chembe moja ya kitunguu. Pilipili haikupata nafasi.

Geuza, kunja, bana.

Gundi akaipaka kwa njiti ya kiberiti. Na ile hapo, sambusa. Pembe tatu kamili, ndogo kama punje ya choroko.

Akakunja ya pili. Akakunja ya kumi. Akakunja mpaka zikajaa kisahani.

Akampelekea Shangazi Pili, aliyekuwa anakaanga.

Shangazi Pili akazitia kwenye mafuta. Chwaaa. Akazichota kwa chujio kubwa. Sambusa zote zikapita kwenye matundu, zikarudi kuogelea.

Akachota tena. Zikapita tena.

"Nileteeni chujio la chai," akasema Shangazi Pili.

Zikatoka, kavu, za rangi ya dhahabu. Shangazi Pili akatupia moja mdomoni. Akasubiri. Akatafuta kwa ulimi kushoto. Akatafuta kulia.

"Jamani," akasema, "nimeshakula au bado?"

Wanawake wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akaangukia kwenye bakuli la vitunguu.

Bibi naye akacheka, akapangusa macho kwa kanga. "Tumu, Tumu. Kidogo hivi, cha nini?"

Mwantumu hakucheka.

Alizikusanya sambusa zake kwenye kikombe cha kahawa. Akaenda nyuma ya nyumba, akakaa kando ya pipa la maji, akalia. Machozi yake yalikuwa makubwa. Hayo tu ndiyo aliyoweza kuyafanya makubwa.

"Sina faida," akasema. "Na Mama mdogo ana njaa, na mimi sina faida."

NGURUUUU.

Sauti ilitoka ukutani. Upande wa pili wa ukuta ndipo kilipokuwa chumba cha bi harusi.

Mwantumu akatazama ukuta. Akatazama kikombe. Akatazama ukuta tena.

Akafungua mdomo wake, kidogo tu. Akachukua sambusa moja kwa kucha mbili, akaidondosha ndani.

Tup.

Akajishika midomo. Haikuwa imeguswa hata kidogo.

Mwantumu akaacha kulia. Akakimbia.

Ko, ko, ko.

"Nani?" akauliza Bi Kidawa.

"Mimi, Bi Kidawa. Shikamoo."

"Marahaba. Hapana."

"Hujajua ninachotaka."

"Chochote utakacho, hapana."

Ndani kikasikika kitu. NGURUUUU. Safari hii glasi iliyokuwa mezani ikatikisika.

Mlango ukafunguka ufa mdogo. Likatokea jicho moja la Bi Kidawa. "Una nini humo?"

"Sambusa."

Bi Kidawa akatazama ndani ya kikombe. Akavaa miwani. Akawasha tochi. Ndipo akaziona.

"Hizi ni sambusa?" akauliza. "Kidogo hivi, cha nini?"

Na safari hii Mwantumu alikuwa na jibu.

"Cha kupita," akasema.

Bi Kidawa akasogeza tochi karibu. Akatazama sambusa. Akageuka, akatazama midomo. Akatazama sambusa tena. Alikuwa mtu wa vipimo, huyu.

"Ingia," akasema.

Mwantumu akapanda kwenye kigoda. Bi Kidawa akampa kile kibanio chake kidogo cha kung'olea nyusi. Akakifuta kwanza kwa kitambaa safi.

"Bi harusi, sema A."

"Aaa," akasema Mama mdogo.

Mwantumu akabana sambusa moja. Akaipeleka katikati kabisa. Hakupumua. Bi Kidawa hakupumua. Hata nzi aliyekuwa ukutani alitulia.

Tup.

Mama mdogo akatafuna kwa magego, midomo imetulia. Kruchu.

Bi Kidawa akamulika tochi. Mdomo wa juu, upo. Mdomo wa chini, upo. Rangi yote, ipo.

"Tena," akasema Bi Kidawa.

Tup. Kruchu.
Tup. Kruchu.

"Ina kitunguu," akasema Mama mdogo bila kusogeza midomo. Macho yake yalicheka.

Tup. Kruchu.
Tup. Kruchu.

Tumbo likasema, Nguruuu.

Tup. Kruchu.

Tumbo likasema, Nguru.

Tup. Kruchu.

Tumbo likasema, Ngu.

Mwantumu akatia kibanio kwenye kikombe. Kli. Hakikubana kitu. Kikombe kilikuwa kitupu.

Wote watatu wakalitazama tumbo.

Ngu, likasema tumbo. Nguru. Lilikuwa limeanza kupanda tena.

Na nje, pi, pi, piii. Magari ya Pangani yameingia. Vigelegele vikapasuka barazani.

"Kimbia, mwanangu," akasema Bi Kidawa.

Mwantumu alikimbia mpaka ndala moja ikabaki ukumbini. Akafika uani anahema.

"Bibi," akasema, "nataka vipande vyote vya manda. Mama mdogo anakula sambusa zangu. Zangu tu ndizo zinazopita bila kugusa midomo."

Wanawake wakamtazama. Bibi akaelewa kwanza.

Bibi alisimama, akapiga makofi mawili. "Mmesikia. Pisheni mkekani. Tumu akae katikati."

Mwantumu akakaa katikati.

"Nyama," akasema.

"Kiasi gani?" akauliza Bibi.

"Punje moja moja."

Basi wanawake wazima, wenye bangili na kanga mpya, wakakaa kutenganisha nyama ya kusaga punje moja moja. Hakuna aliyecheka.

Kunja, kunja, bana.
Geuza, kunja, bana.

"Ngoja nami nikusaidie," akasema Bibi. Akajaribu. Ulimi nje, jicho moja limefumbwa. Akakunja, akakunja.

Sambusa ya Bibi ikatoka. Ukiiweka karibu na zile za Mwantumu, ilionekana kama kiatu.

"Basi," akasema Bibi, "mimi nitapepea moto."

Shangazi Pili akakaanga. Chwaaa. Akachota kwa chujio la chai, akazimwaga juu ya karatasi zikauke.

Halafu Shangazi Pili akasimama ghafla. Pua yake ikatikisika.

"Ha..." akasema.

Uani kote kukawa kimya.

"Ha... ha..."

Bibi aliacha kupepea. Bibi ana miaka sabini, lakini siku hiyo aliruka. Akaibana pua ya Shangazi Pili kwa vidole viwili vyenye unga.

Wakasubiri.

"...Imepita," akasema Shangazi Pili kwa sauti ya puani.

Mwantumu akazimimina kwenye kikombe. Kikombe tele.

Ukumbini watu walikuwa wameshajaa. Chumbani Bi Kidawa alikuwa ameshika kibanio tayari, na bi harusi alikuwa ameshasema A.

Tup. Kruchu.
Tup. Kruchu.
Tup. Kruchu.

Nguru, likasema tumbo.

Tup. Kruchu.

Ngu.

Tup. Kruchu.

Wakasubiri. Bi Kidawa akainama, akatega sikio.

Kimya.

"Nimeshiba," akasema Mama mdogo Zaituni, na sauti yake ilikuwa na nguvu mpya.

Bi Kidawa akamulika tochi mara ya mwisho. Midomo ilikuwa myekundu. Iling'aa. Akamfunika bi harusi shela, akampa Mwantumu mkono.

"Na wewe unatoka na sisi," akasema. "Kikombe usikiache."

Bi harusi akatoka. Vigelegele vikapigwa mpaka njiwa wa jirani wakahama paa. Akakaa kwenye kiti kilichopambwa maua. Mwantumu akasimama pembeni yake, ameshika kikombe kwa mikono miwili.

Mama mkwe akainuka.

Alikuwa mrefu. Alikuwa mnene. Alivaa dhahabu shingoni na mikononi, na midomo yake nayo aliipaka nyekundu. Alitembea polepole, watu wakimpisha.

Akafika mbele ya bi harusi. Akashika shela kwa vidole viwili.

Ukumbi wote ukanyamaza. Hata watoto wachanga walinyamaza.

Shela ikapanda. Kidevu kikaonekana. Midomo ikaonekana.

NGURUUUUUUU.

Mwantumu akahisi moyo wake umeanguka ndani ya kikombe.

Watu wote wakamtazama bi harusi. Bibi akajifunika uso kwa kanga. Bi Kidawa akashika ukuta.

Mama mdogo Zaituni akamtazama Mwantumu. Akatikisa kichwa, kidogo sana. Si mimi.

NGURUUUUUUU.

Safari hii kila mtu alisikia vizuri inakotoka. Ilitoka juu kidogo, na mbele kidogo, chini ya mikufu ya dhahabu.

Lilikuwa tumbo la mama mkwe.

Mama mkwe akabaki ameshika shela hewani. Uso ukamwiva.

"Tumetoka Pangani alfajiri," akasema kwa sauti ndogo. "Njiani gari likaharibika. Hata chai sijanywa."

Utamwambia nini mama mkwe?

Mwantumu akachungulia kikombeni. Sambusa kama ishirini hivi zilikuwa zimebaki. Akapiga hatua mbili mbele.

"Sema A," akasema.

"Tumu," akanong'ona Bibi kwa mbali.

Mama mkwe akamtazama huyu mtoto. Akatazama kikombe. Akawa kama mtu aliyetaka kuuliza swali, mnalijua, lile lile. Lakini njaa ikamshinda.

"Aaa," akasema mama mkwe.

Tup.

Kruchu.

Mama mkwe akameza. Akagusa midomo yake kwa kidole. Akatazama kidole. Hakikuwa na rangi.

"Ni nani aliyekunja hizi?" akauliza.

"Ni mimi," akasema Mwantumu.

Mama mkwe akavuta kiti, akakaa pale pale, karibu na bi harusi. "Endelea," akasema. "Aaa."

Mama mdogo Zaituni akacheka. Alicheka kwa midomo yote miwili, na Bi Kidawa akamwacha acheke. Ukumbi mzima ukacheka, vigelegele vikapigwa, na Shangazi Pili akapiga chafya aliyoiweka tangu alasiri.

Sahani za pilau zikatembea. Sambusa za Bibi zikatembea nazo. Lakini foleni ilikuwa kwa Mwantumu. Wanawake wote wenye midomo myekundu walipanga mstari, mmoja nyuma ya mwingine, wakisema A.

Kikombe kikaisha, wakamfuata uani. Mwantumu akakunja mpaka vipande vya manda vikaisha, na jua likaisha.

Kabla hata ya isha, kichwa chake kikaanza kuinama.

Kunja... kunja...

Bibi akambeba, akamlaza kitandani. Unga ulikuwa puani, unga ulikuwa masikioni. Bibi hakumfuta. Alimvutia shuka mpaka kifuani.

Mlango ukafunguka taratibu. Bi harusi akaingia kuaga, na nyuma yake Bi Kidawa na tochi yake. Magari ya Pangani yalikuwa yanasubiri.

Mama mdogo Zaituni akapiga magoti kando ya kitanda, na gauni lake lote kubwa likapiga magoti pamoja naye.

Akainama juu ya Mwantumu.

Bi Kidawa akafungua mdomo kusema lile neno lake. Akaufunga. Akazima tochi.

Mama mdogo akambusu Mwantumu kwenye paji la uso. Busu refu, la midomo yote miwili. Alipoinuka hakuwa na rangi hata chembe.

Rangi yote ilikuwa kwa Mwantumu.

Asubuhi alipoamka, akajitazama kwenye kioo. Katikati ya paji la uso kulikuwa na midomo ya bi harusi, myekundu, inang'aa.

"Njoo unawe uso," akaita Bibi kutoka uani.

"Leo sinawi," akasema Mwantumu.

Na hakunawa. Hakunawa siku ile, wala kesho yake, na Bibi hakumlazimisha. Hapo nami nimeishiwa maneno, basi laleni.